Chifu Mangungo hakuwa na maktaba, wewe unayo

Ndugu msomaji, gazeti hili umeliazima, na sina ugomvi na hilo. Gazeti moja la upinzani likifika kijiweni husomwa na watu ishirini kabla halijafungia karanga. Lakini wewe na mimi tunajua jambo ambalo huwa halisemwi: katika hao ishirini wako wanaosoma na wako wanaosomewa. Mmoja hulishika, akasoma kwa sauti, wengine wakachangia kana kwamba nao wameliona. Anayesomewa hucheka panapochekwa, hukasirika panapokasirikiwa, na jua likizama amejua kile tu ambacho mwenzake aliamua kumsomea. Makala ya leo ni ya huyo anayesomewa. Kwa hiyo wewe uliyelishika, ukifika mahali panapochoma, usiruke mstari.

Tuanze na Chifu Mangungo. Mwanasiasa wa nchi hii, awe wa upinzani au wa chama tawala, akitaka kuuponda mkataba humtaja Mangungo wa Msovero, yule mzee wa Usagara ambaye mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters alimwekea karatasi mbele yake, naye akaitia alama. Karatasi ilikuwa ya Kijerumani. Mzee alidhani anafunga urafiki, kumbe nchi inakwenda. Bungeni wanamcheka, majukwaani tunamcheka, hata watoto wa shule wanamcheka. Mimi nauliza: yule mzee angejifunzia wapi kusoma Kijerumani? Hakuwa na shule, hakuwa na maktaba, wala hakuwa na mwalimu wa jioni. Ana udhuru. Wewe kijana wa Lindi mjini, wa Kilwa Masoko, wa Kivinje, wa Somanga, udhuru wako ni upi? Na Serikali inayokutaka uweke saini kila siku, udhuru wake nayo ni upi? Maswali haya mawili yamezaliwa tumbo moja, na yote nitayagusa.

Tuje nyumbani. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 imekuwa ikipita kwenye bomba kwenda Dar es Salaam kuzalisha umeme. Pale Likong'o, Lindi, wananchi walilipwa fidia mwaka 2020 kupisha mradi wa kusindika gesi, eneo la zaidi ya hekta 2,000. Juni 2022 Serikali ikatiliana saini makubaliano ya awali na makampuni ya nje. Katika safari hiyo yote kila hatua ina karatasi yake. Kuna fomu ya uthamini wa minazi na mikorosho, kuna hati ya malipo, kuna barua ya pingamizi yenye tarehe ya mwisho, na kazi zikija kuna mkataba wa kibarua. Karatasi haina huruma, ndugu yangu. Ukishaweka dole gumba umekubali, hata kama aliyekusomea alikuwa na haraka akaruka ukurasa wa tatu.

Utasema: mimi sina shamba Likong'o, mimi naendesha bodaboda ya watu. Haya. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba, 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Ili uipate lazima muwe kikundi kilichosajiliwa, mwe na katiba, mwe na andiko la mradi. Andiko hilo vijana wetu wanaliandikia wapi? Steshenari, kwa fedha. Na kijana wa steshenari naye ana njaa yake: analichukua andiko la kikundi kilichopita, anabadilisha jina, anachapa. Msishangae basi kikundi cha bodaboda kikijikuta kimeomba mkopo wa kufuga kuku wa mayai.

Hapa ndipo wazee wetu wanapotucheka, maana walichokuwa nacho wao, sisi tunakisikia kwenye hadithi. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1969 Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa akautangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1971 mkutano wa TANU ukaazimia kwamba mwisho wa 1975 asiwepo mtu mzima asiyejua kusoma na kuandika. Walianza wakiwa na taifa ambalo theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Mwaka 1975, kwa hesabu za Serikali yenyewe, wasiojua walikuwa wameshuka hadi asilimia 39, na mwaka 1986 wakawa chini ya asilimia 10. Baba alikwenda darasani, mama alikwenda darasani, chini ya mwembe, kwenye majengo ya shule watoto wakishatoka, na penye kibao wengine waliandika kwa mkaa. Mwaka 1973 watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi wakisikiliza redio, kampeni ile ya Mtu ni Afya, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Ada ilikuwa hakuna.

Najua kuna watakaoguna: gazeti la upinzani leo linaimba sifa za chama kimoja? Penye haki tuseme haki. Lakini tusiishie kwenye sifa. Vitabu vile vya kampeni vilikuwa vya pamba, vya ndizi, vya ng'ombe, vya uvuvi na vya siasa ya chama. Ukimaliza cha pamba bora unapewa cha ndizi bora. Mtu alifundishwa kusoma ili aelewe maagizo ya bwana shamba na ya katibu wa tawi, na ni wachache waliomfundisha kusoma ili amuulize katibu wa tawi hesabu za ushirika. Zilipokuja shida za miaka ya 1980, kisha masharti ya Benki ya Dunia na IMF na wimbo wa kuchangia gharama, elimu ya watu wazima ilikuwa ya kwanza kukatwa. Si ajabu. Mtoto akikosa shule wazazi hupiga kelele, mzee akikosa darasa hunyamaza kwa aibu. Miaka ya 1990 wakaleta mpango ulioitwa MUKEJA, Mpango wa Uwiano kati ya Elimu ya Watu Wazima na Jamii, jina lililokuwa refu kuliko foleni ya wanafunzi wake. Sensa ya mwaka 2012 ilipohesabu, karibu mtu mzima mmoja kati ya watano hakujua kusoma wala kuandika. Basi kile kilima tulichokuwa tumekipanda tulianza kukishuka kinyumenyume, na hakuna aliyewajibishwa.

Sasa maktaba inaingiaje? Inaingia kwa mlango wa mbele. Sheria ya kwanza ya maktaba za umma Tanganyika ilipitishwa mwaka 1963. Tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru, Nyerere mwenyewe alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Kisha ikaja Sheria Namba 6 ya mwaka 1975 iliyounda Bodi ya Huduma za Maktaba kama tunavyoijua, na miongoni mwa kazi ambazo sheria hiyo iliipa Bodi ni kushiriki na kusaidia katika kampeni za kufuta ujinga wa kusoma na kuandika. Irudie hiyo sentensi, msomaji, kwa sauti. Kumfundisha mtu mzima ndani ya maktaba ya umma ni kazi iliyoandikwa kwenye sheria. Mkutubi akifungua darasa la jioni hajawafanyia hisani, ametimiza ajira yake.

Lakini nenda katika maktaba yoyote ya mkoa utazame waliokaa. Wanafunzi wa kidato cha nne wanakariri kwa ajili ya mtihani, na daftari zao wamekuja nazo wenyewe. Wamekodi kiti na kivuli, basi. Mtu mzima akitaka kuazima kitabu anakutana na ada ya uanachama. Tangu mwaka 2016 mtoto anasoma bila ada mpaka kidato cha nne, na tangu 2022 mpaka cha sita, jambo jema kabisa. Baba yake aliyeishia darasa la tano akitaka kufanya mtihani wa QT, analipia tuisheni, analipia mtihani, na nauli juu yake. Katika nchi hii elimu ni bure mradi usichelewe kuzaliwa.

Katiba inasemaje? Ibara ya 11 inasema kila mtu anayo haki ya kujielimisha. Tamu. Ila ukirudi nyuma kidogo, Ibara ya 7 inasema masharti ya sehemu hiyo hayawezi kudaiwa mahakamani. Yaani umepewa embe ukaambiwa usilimenye. Halafu nenda mbele mpaka Ibara ya 67, inayotaja nani anaweza kugombea ubunge: raia mwenye umri wa miaka 21 na kuendelea, anayejua kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Basi haki ya kujifunza kusoma huwezi kuidai kortini, lakini kutojua kusoma kunaweza kukufungia mlango wa Bunge. Yule mwenzako anayesomewa hapo kijiweni, huenda ana akili ya kuwashinda wabunge watatu. Kazi yake imebaki kuwapigia makofi, kuvaa fulana zao na kula pilau yao wakati wa kampeni. Mnakumbuka ile takrima, mpaka mwaka 2006 Mahakama Kuu ilipoitupa? Takrima haikuwa tatizo kwa mtu anayeweza kusoma ilani mwenyewe.

Kuna kasumba moja nataka kuikanyaga hapa. Husemwa kwamba mtu wa kusini na kitabu ni paka na panya, kwamba sisi ni watu wa ngoma na jando, mtumishi akiletwa huku anadhani ameadhibiwa. Uongo mtupu. Kilwa ilikuwa na historia yake iliyoandikwa kwenye karatasi tangu karne ya 16, imesimulia masultani wake mmoja baada ya mwingine. Nakala yake iliyonakiliwa Zanzibar mwaka 1877 leo iko London, Maktaba ya Uingereza. Mtoto wa Kilwa Kisiwani anayaona magofu kila siku, watalii wanayapiga picha, na Umoja wa Mataifa uliyaweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, ila habari za waliojenga magofu hayo ziko mbali naye kwa safari ya ndege. Nenda Lindi: Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa hapo hapo Lindi, ndiye aliyetunga utenzi wa vita vya Maji Maji. Wangapi hapo kijiweni wamewahi kumsikia? Bibi zetu walisoma Kurani na kuandikiana barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kampeni ilipokuja na mitihani ya herufi za Kizungu, mtu wa namna hiyo alianza upya kama asiyejua kitu. Darasa la maktaba ya Lindi likifunguliwa kesho, mimi ningependa siku moja kwa wiki wazee hao wawe walimu, na wenye digrii wakae chini wafundishwe.

Nimelitaja darasa, sasa nilieleze. Kwa nini maktaba na si shule ya msingi? Kwa sababu ya aibu. Mwanamume wa miaka 28 ukimwambia aende shule ya msingi akakae kwenye dawati la mtoto, magoti yamegusa kidevu, na mkwewe anapita barabarani, haendi. Hata mimi nisingekwenda. Maktaba haina tatizo hilo. Anayeingia maktaba hakuna ajuaye anakwenda kufanya nini. Huenda anakwenda kusoma gazeti, huenda anakwenda kujifunza herufi ya kwanza. Mlango ni mmoja kwa daktari na kwa mpiga debe. Hiyo ndiyo siri ya maktaba ambayo wakubwa wetu hawajaigundua, au wameigundua wakanyamaza.

Muda wa darasa nao uwe muda wa watu wenyewe. Popote maktaba inapofungwa kabla ya magharibi, mwenye kibarua hataiona ndani mpaka anazeeka. Na wavuvi wa Kilwa hawapangi maisha kwa Jumatatu na Jumanne, wanapanga kwa bamvua na maji mafu. Ratiba ya darasa lao itazame mwezi, isitazame kalenda ya ofisi. Masomo yaanze na kusoma na kuandika kwa anayehitaji, kisha Kiingereza cha mkataba, kompyuta, kujaza fomu ya TRA, kuandika hilo andiko la mradi. Na sheria. Sheria za ardhi zile Namba 4 na Namba 5 za mwaka 1999 zisomwe kifungu kwa kifungu, watu wakibishana. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hiyo kisingizio cha Kiingereza kinakwisha nguvu.

Wataniambia fedha hakuna. Jengo lipo. Viti vipo. Walimu wastaafu wapo, wamekaa barazani wanasubiri pensheni. Kilwa kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi pale Masoko, na vyuo hivyo vilianzishwa mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, kwa ajili hasa ya watu wazima waliotoka kwenye kampeni ya kusoma. Na Halmashauri ya Kilwa inapata ushuru wa huduma kutokana na gesi ya Songo Songo. Gesi inawasha taa za Dar es Salaam usiku kucha, inashindwaje kulipia taa mbili za darasa la jioni Kilwa? Kutoka Masoko hadi maktaba ya mkoa Lindi ni zaidi ya kilomita 150, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara pale Somanga. Wenzetu wa Kenya mwaka 1996 walianza kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia. Kwa ngamia! Sisi tumezungukwa na bahari, mashua zinakwenda Songo Songo na Kisiwani kila siku zimebeba saruji na soda. Kreti moja ya vitabu itazizamisha?

Sasa nikugeukie wewe, maana nimeisema Serikali vya kutosha kwa wiki hii. Kijana ananiambia: maktaba ya nini, simu janja ninayo. Unayo, ndiyo. Nimeona pia unachokisoma humo: mkeka. Unajua timu ya daraja la pili ya Finland inacheza saa ngapi, lakini bajeti ya halmashauri yako hujawahi kuiona. Simu haikuulizi umeelewa nini, bando likiisha inanyamaza, na yule anayesomewa hapo pembeni simu yake anaitumia kwa sauti na kwa picha, maandishi anampa mtoto wa jirani amsomee, hata ujumbe wa mchumba. Kuna siri gani hapo?

Na ninyi mlioko Dar es Salaam, wauza soksi na chaja wa Kariakoo, ambao nchi nzima inawaita machinga. Wengi husema jina hilo limetoka kwetu Machinga, Lindi, kwa sababu vijana wa kwanza kutembeza bidhaa walitoka huko. Kutoka Kariakoo hadi Maktaba Kuu ya Taifa ni mwendo wa miguu. Iko kwenye barabara yenye jina la Bibi Titi Mohamed, mama aliyewakusanya wanawake wa nchi hii kudai Uhuru kwa ulimi wake, akiwa na shule ndogo tu. Siku mgambo wakiwafukuza, badala ya kukimbilia uchochoroni kimbilieni humo. Ulizeni kuna darasa gani la watu wazima na linalipiwa shilingi ngapi. Mkijibiwa hakuna, ulizeni ile kazi ya sheria ya mwaka 1975 inafanywa na nani.

Ninyi wa Lindi na Kilwa nina kazi nyingine kwenu, na ifanyike leo kabla gazeti halijarudi kwa mwenyewe. Andikeni barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, nakala kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, nakala kwa diwani wenu. Iwe fupi. Mnaomba darasa la watu wazima lisilo na ada, jioni, ndani ya maktaba ya umma, na kule ambako jengo hakuna mnaomba chumba kimoja na kreti ya vitabu. Mnaomba mjibiwe kwa maandishi. Iandikwe kwa mkono, hapo hapo kijiweni, mwenye mwandiko mzuri ashike kalamu. Ikishasomwa mbele ya wote, kila mtu atie saini. Ikifika zamu ya yule ambaye amekuwa akisomewa makala hii tangu mwanzo, msimwandikie jina. Mleteeni wino, aweke dole gumba lake, na liwe la kwanza, juu kabisa ya saini zote.